Picha Mbili za Ramani Moja

Sisi wanafunzi wa isimu tulifunzwa kwamba homografu ni maneno yaandikwayo sawa ilhali maana zake ni mbalimbali: paa la nyumba na paa wa porini. Wenzetu wa taaluma ya kompyuta wana istilahi ya homografia, nayo, kwa mtazamo wangu, ni kinyume cha hayo. Kitu ni kimoja. Sura zake ndizo mbalimbali.

Jambo hili lilinidhihirikia kijijini Bodo, kusini mwa Msambweni, ambako mjomba wangu na jirani yake walizozania mpaka wa shamba la minazi. Kila mmoja alikuwa ameipiga picha kwa simu ramani ile ile ya karatasi iliyotandazwa mezani, akiwa amesimama upande wa shamba lake. Kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Basi katika picha ya mjomba shamba letu lilitanuka, na katika ya jirani likasinyaa. "Mpwa wangu, picha haisemi uongo," aliniambia mjomba. Jirani naye alisema vivyo hivyo, na salamu zilikuwa zimekwisha kukatika baina ya nyumba hizo mbili.

Homografia ni jedwali la namba tisa, safu tatu kwa nguzo tatu, lihamishalo kila nukta ya picha moja hadi mahali pake katika picha ya pili. Kuzizidisha zote kwa namba moja hakubadilishi lolote, kwa hivyo zilizo huru ni nane. Kila jozi ya nukta hutoa milinganyo miwili. Jozi nne zatosha, mradi nukta tatu zozote zisilale katika mstari mmoja. Pembe nne za karatasi zilinitosha. Mstari ulionyooka hubaki umenyooka, lakini urefu, pembe na usambamba havina dhamana.

Nilizirejesha picha zote mbili katika umbo la mstatili, nikaziweka moja juu ya nyingine. Mpaka ulikuwa mmoja.

Kanuni hii yataka kitu kiwe bapa, au kamera igeuke tu bila kuhama. Lau wangalipiga picha shamba lenyewe kutoka pande mbili, minazi iliyosimama isingelitii jedwali lolote la namna hiyo.

Wazee hao walizitazama picha kwa muda mrefu. Kisha jirani akauliza jiwe la mpaka liko wapi ardhini. Hilo halikuwamo karatasini. Lilimsubiri mpima ardhi.