Kuna Namba 5, na Kuna Namba 19

Jamani, ukitaja Chanel kila mtu atakwambia Namba 5. Namba 19 je? Kimya! Mimi niliikuta rafu ya chini kabisa dukani, nyuma ya chupa zinazonukia pipi na vanila.

Nikajipulizia kidogo mkononi. Mama yangu! Harufu ya majani mabichi yaliyovunjwa sasa hivi, chungu kidogo, ya ubaridi. Hiyo ni kazi ya galbanamu, utomvu wa mmea unaoota Iran, na ndiyo maana manukato ya aina hii huitwa ya kijani. Usikimbie, subiri. Baadaye inaingia irisi, laini kama poda.

Aliyeitengeneza ni Henri Robert, mwaka 1970. Jina lake ni tarehe aliyozaliwa Coco Chanel, 19 Agosti. Mwaka ule bibi huyo alitimiza miaka 87, na Januari 1971 akafariki. Kumbe si marashi ya kumbembeleza mtu!

Sasa shoga, miaka yote ya ndoa yangu manukato huchagua mume wangu, tena matamu matupu. Siku ile akanusa, akakunja uso. "Mbona leo hunukii kawaida yako?"

Nikamuuliza, "Kawaida yangu au yako?"

Akanyamaza. Hajaizoea mpaka leo. Mimi nimeshanunua chupa ya pili, kwa hela yangu.

Nawe ukiikuta, jipulizie mkononi, zunguka nayo saa nzima, ndipo uamue. Usimuulize mtu.