Njumu za Mdogo Wangu

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kununua njumu mpya, kuzipiga picha usiku huohuo, kisha kuzirudisha dukani na risiti yake. Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, huko ni kuazima bila kumwambia mwenyewe." Basi. Zikabaki njumu za mdogo wangu, nyeusi, zenye tope la Jumamosi.

Hapa Leicester, katikati ya Desemba, jua huzama hata saa kumi jioni haijafika. Niliwahi mchana, nikasogeza meza ya jikoni dirishani na kutandika manila nyeupe, nikaipandisha nyuma ya kiatu bila kuikunja, mstari usionekane. Picha ya kwanza, manila ikatoka kijivu! Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Nikauongeza hatua moja. Upande wenye kivuli nikasimamisha kifuniko cha boksi nilichokizungushia karatasi ya alumini ya jikoni, na ngozi nyeusi ikaanza kuonyesha mishono.

Nilikuwa nimeshaosha kiatu cha kushoto mdogo wangu alipoingia.

"Dada, cha kulia usikioshe! Nilifungia bao."

Nikakipiga hivyohivyo, meno yakiwa yameshika majani makavu. Alhamisi nina usaili wa mafunzo ya upigaji picha za bidhaa, na wanataka kuona kazi kumi. Ninazo saba. Cha tope nimekiweka mbele ya kisafi, ingawa matangazo ya maduka hayaonyeshi tope.

Mama ameiomba hiyohiyo, amtumie bibi Tanga.