Usukani Uliopinda

Sisi tukaao Cheyo, katika mji wa Tabora, twaujua mchanga. Wakati wa kiangazi huwa laini kama unga utokao kinuni. Mwendaji wa miguu huchoka tu. Lakini mwenye chombo cha magurudumu madogo huangushwa. Nasi tunacho chombo cha namna hiyo, yaani ile pikipiki ndogo ambayo mpandaji huweka miguu yake pamoja mbele, iitwayo skuta, na ambayo watu wa Unguja huiita vespa hata kama haikutoka kiwanda cha Vespa. Ndiyo itupelekayo shuleni, na ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mwenzetu wa nyumbani kliniki, maana alikuwa na mimba ya miezi sita.

Basi siku moja mwishoni mwa Agosti tulikuwa tukirudi kwa njia ya Kwihara, huko kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi wake. Hatukuwa na abiria. Gurudumu la mbele likagonga mzizi wa mwembe uliofichwa na mchanga, nasi tukaenda chini pamoja na madaftari ya watoto. Tulichubuka kiwiko tu. Tukajipangusa, tukaokota madaftari, tukaondoka upesi kabla hajapita mtu wa kutucheka.

Tangu siku ile, ili skuta iende mbele sawasawa, ilitubidi kuushika usukani kana kwamba twataka kukata kushoto. Kwanza tulilaumu mfuko wa madaftari, kwa kuwa tuliutundika upande mmoja. Sababu hiyo ilitupendeza, kwani katika nchi hii ya Wanyamwezi, ambayo wazee wake walipeleka pembe za ndovu pwani mabegani, kila mtu ajua kwamba mzigo ulioegemea upande humvuta mchukuzi. Tukauhamisha mfuko, lakini usukani ukabaki vile vile. Na baada ya juma mbili hatukuona tena neno lo lote, si kwa sababu umenyoka, bali kwa sababu mikono yetu ilikuwa imekwisha kuzoea. Mwenzetu ndiye aliyesema, “Baba, mbona mabega yako yamekaa upande?” Tukamjibu kwamba ni uchovu wa kazi. Jibu hilo halikuwa kweli, nasi tulijua.

Hata hivyo tulimwendea fundi mmoja kijana. Yeye hakulegeza hata nati moja. Aliliegemeza gurudumu kwenye shina la mti, akaushika usukani kwa mikono miwili, akaukaza kwa nguvu mpaka ukaonekana umenyoka, akapokea fedha yake. Siku ya tatu ulikuwa umerudi upande. Hatukurudi kwake kudai. Tuliona haya, maana tulikuwa tumesimama pale tukimsifu.

Siku ya kliniki tulikuwa wawili juu ya skuta, au tuseme watatu. Mtoto mdogo akatoka mbio kati ya nyumba mbili akifuata mpira. Tukataka kumkwepa, usukani ukakataa kidogo, kama mlango ulioshikwa na utelezi wa mvua, kisha ukaachia kwa ghafula ukazidi kipimo. Tulipita kati ya mtoto na ukuta, nafasi ambayo leo tukiitazama hatuelewi tulipitaje. Tuliposimama, mwenzetu akashuka, akafunga kanga yake vizuri, akasema, “Baba, mimi na huyu aliye tumboni tutakwenda kwa miguu.” Akaenda. Nasi tukamfuata nyuma tukiikokota skuta, wala hatukusemezana mpaka mlangoni.

Jioni ile ile tulimpelekea mzee mmoja aliyeanza kazi yake kwa kutengeneza baiskeli. “Mwangaluka, Mzee,” tukamwamkia, kwa kusahau kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi. Akacheka, akaitika, kisha akatuambia tuipande skuta taratibu juu ya mchanga mtupu, mwendo wa hatua ishirini. Tukafanya hivyo. Yeye hakututazama sisi. Alichuchumaa akatazama nyayo za tairi.

“Mwalimu,” akasema, “njoo usome.” Akatuonyesha kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa limefuata njia ya la mbele, kama fremu ingalikuwa imepinda, nyayo mbili zingaliachana, moja huku na moja huku, toka mwanzo hata mwisho. Lakini unyayo wa mbele ulikwenda kama nyoka, kushoto kidogo, kulia kidogo. Akasema maradhi ni mawili, nasi twayaita moja. La kwanza ni kwamba usukani hautazami pale gurudumu linapotazama; hilo huchosha mikono, lakini peke yake haliifanyi skuta iyumbe. La pili limo shingoni.

Akaiinua mbele juu ya gogo hata gurudumu likaning'inia, akatuambia tuugeuze usukani kwa kidole kimoja. Ulikwenda vizuri kushoto na kulia, lakini kila ulipofika katikati ulitumbukia mahali na kukwama. Hapo tukafahamu. Ndani ya shingo mna gololi ndogo zizungukazo katika vikombe vya chuma. Tulipogonga mzizi, gololi zilivibonyeza vile vikombe zikaacha vishimo, na kila tulipokwenda mbele sawasawa gololi zililala humo humo. Mpandaji wa chombo cha magurudumu mawili hujisawazisha kwa kugeuza usukani kidogo kidogo kila wakati bila kujua. Akizuiwa na vishimo hivyo huchelewa, kisha huzidisha. Yule kijana angalikaza usukani mwaka mzima asiliondoe hilo.

Mzee akafungua shingo. Akatoa gololi na vikombe vyake, akaweka vipya na grisi nyingi, akakaza nati ya shingo mpaka gurudumu lisicheze mbele na nyuma, lakini usukani uanguke wenyewe upande ukiachiwa. Kisha akaja kwenye lile la kwanza. Alilegeza ekseli ya mbele na bolti zinazobana ile miguu miwili ya shokapu, akizilegeza tu asizitoe. Akasimama mbele ya skuta, akalibana gurudumu kati ya magoti, akauzungusha usukani hata ukasimama sawa na ekseli. Akaibonyeza mbele mara tatu ili miguu ikae mahali pake, ndipo akakaza, bolti moja kidogo, kisha ya pili kidogo. Vyuma vilivyosokotwa kwa nguvu vikiwa vimebanwa, alisema, hurudi. Vipuri vyote havikufika bei ya debe la mahindi.

Alipokuwa akinawa mikono tulimwuliza kwa nini chombo hiki kiwe dhaifu hivi mbele. Akaonyesha gurudumu kwa kidole: dogo mno, shimo ambalo baiskeli hulivuka, hili huingia. Sisi tumesoma kwamba Vespa ya kwanza, iliyotolewa na Piaggio huko Pontedera, Italia, mwaka 1946, ilibuniwa na Corradino D'Ascanio, fundi wa ndege, naye alilishika gurudumu la mbele kwa mkono mmoja wa upande, mfano wa gurudumu la ndege, ili tairi itoke kwa urahisi ikitoboka. Tulimweleza Mzee habari hiyo. Akasikiliza kwa adabu, akasema labda huyo bwana hakupita Kwihara.

Siku ya kliniki iliyofuata tulitoa skuta uani. Mwenzetu hakupanda. Alituambia twende kwanza wenyewe hadi mwembe wa jirani na kurudi, naye akabaki amesimama, mkono kiunoni. Tuliporudi tulimkuta ameinama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akizitazama nyayo za tairi mchangani. Alizifuata hatua kadhaa, akarudi, akaweka kadi yake ya kliniki katika mkoba, akapanda.