Refa wa Baltimore
Ukifika uwanja wa besiboli wa Camden Yards, Baltimore, utaikuta sanamu ya Earl Weaver, kocha aliyetolewa mchezoni zaidi ya mara 90, mara nyingi kwa kubishana na marefa. Siku moja nilimwona kocha mwingine hapo akimfokea refa uso kwa uso. Refa alimsikiliza, akajibu maneno machache. Kocha alipozidi, refa akanyoosha mkono: toka! Hakumfuata. Mchezo ukaendelea.

Wiki hiyo mtoto wa mgonjwa alikuwa amenifokea wodini, nami nikamfokea. Bado naona aibu. Siku hizi, ndugu zangu, nasikiliza mpaka mtu amalize, namweleza mara moja. Akivuka mipaka naita walinzi, kisha narudi kwa mgonjwa wangu.