Kitabu cha Katikati na Jina la Mtoto

Katika trilojia, kitabu cha kwanza husifiwa kwa kutufungulia mlango, na cha tatu kwa kutufikisha mwisho wa safari. Cha pili huchukuliwa kama daraja tu. Watu hulivuka bila kulitazama. Hapa nataka kuzungumzia kitabu cha pili ambacho, kwa maoni yangu, kinavizidi vile viwili vingine, na ambacho kimeniingiza katika mabishano na kaka yangu.

Riwaya yenyewe ni The Tombs of Atuan, yaani Makaburi ya Atuan, ya Ursula K. Le Guin wa Marekani. Ilitoka mwaka 1971. Ilitanguliwa na A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968, ikafuatwa na The Farthest Shore ya mwaka 1972. Mwandishi aliirudia dunia hiyo ya visiwa mwaka 1990 katika Tehanu, lakini kwa karibu miaka ishirini wasomaji waliijua kama kazi ya vitabu vitatu.

Kitabu cha kwanza kinamhusu Ged, kijana mwenye kipawa ambacho Kiswahili hakikipi jina kwa urahisi. Nikimwita mchawi, msomaji atadhani anaroga watu usiku. Nikimwita mganga, atamtafutia mkoba wa dawa. Ged ni mtu wa elimu, na nguvu zake zinatokana na kujua jina la kweli la kila kitu. Katika dunia hiyo, ajuaye jina lako la kweli ana uwezo juu yako. Kwa hiyo watu hulificha, na humtajia tu yule wanayemwamini.

Anayefungua kitabu cha pili akimtafuta Ged atangoja sana. Sura nne zinapita bila yeye. Tunakutana na Tenar, mtoto wa wakulima, ambaye alizaliwa usiku uleule aliokufa kuhani mkuu wa kike wa Makaburi. Watu wa dini wanaamini kuwa ni yeye amezaliwa upya, hivyo wanamchukua kwa wazazi wake angali mdogo. Akiwa na umri wa miaka sita anapigishwa magoti mbele ya mtu mwenye upanga, na jina lake linaondolewa. Tangu siku hiyo anaitwa Arha, maana yake Aliyeliwa. Wamemla Wasio na Majina, nguvu za giza anazozitumikia.

Wanamwinamia na kumwambia kuwa yeye ni mkuu kuliko wote. Anajifunza kutembea kwa kupapasa kuta katika pango la chini ya Makaburi, mahali ambapo mwanga ni marufuku, na kukariri idadi ya njia za kushoto na kulia. Halafu siku moja anaona mwanga humo. Ni Ged, amekuja kutafuta nusu ya pete iliyovunjika. Kwa mwanga wa fimbo yake, Arha anaona kwa mara ya kwanza kuwa lile pango limejaa mawe yanayometameta. Alikuwa amepita humo mara nyingi bila kujua kuwa ni pazuri.

Anamfungia Ged humo chini ili afe kwa kiu, kama alivyofundishwa. Amefundishwa pia kuwa watu wa visiwa vya Ged, wenye ngozi nyeusi na ya kahawia, ni waovu. Lakini anampelekea maji, na mfungwa huyo ndiye anayemwita Tenar. Kesho yake anaamka akijua kuwa jina lake limerudi.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mimi ni Mtooro kutoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Kwetu kila mtu, mbali na jina lake na la ukoo, ana empaako, jina moja kati ya kumi na mawili tunayoshiriki sote. Langu ni Adyeri. Mgeni akija, kabla ya kukusalimu huuliza empaako yako, kwa maana salamu bila hiyo ni kama haijakamilika. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hii katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilikosoma bweni, lugha za nyumbani zilikatazwa, na empaako ikahesabiwa humo. Kwa miaka minne niliitwa kwa jina la ukoo, au kwa namba iliyopakwa rangi kwenye sanduku langu la bati.

Ni kinyume kabisa na dunia ya Ged. Kwao jina la kweli hufichwa. Kwetu empaako hutamkwa njiani, hata mbele ya mtu usiyemjua. Hata hivyo mambo hayo mawili yanakutana mahali pamoja: jina haliishi mpaka mwingine alitamke. Tenar hakuweza kujirudishia jina lake peke yake, pamoja na heshima zote alizopewa.

Sasa nifike kwa kaka yangu. Amepata mtoto wa kike, na kanisa lake linafundisha kuwa empaako ni mambo ya mizimu. "Tumempa jina la Biblia, linamtosha," aliniambia kwa simu. Nilimjibu kuwa empaako ni salamu, si sala. Akacheka: "Wewe ndiye unayesoma vitabu vya uchawi, halafu unifundishe mimi?"

Simwoni kaka kama adui. Anaamini anamlinda mwanawe. Lakini hata wale waliomchukua Tenar waliamini wanampa kitu kikubwa kuliko alichokuwa nacho. Tofauti yao na Ged ni kwamba Ged anamwita kwa jina lake, kisha anamwachia uamuzi. Uhuru wenyewe haumfurahishi mara moja. Tenar analia, na kuna saa anashika kisu akitaka kumuua aliyemtoa gizani. Le Guin hamharakishi. Jina halikumwamulia Tenar lolote. Lilimpa mahali pa kusimama ili aamue mwenyewe.

Hilo ndilo nililomwandikia kaka. Mtoto aliyepewa empaako anaweza kuikataa akiwa mkubwa, akaitika jina la Biblia peke yake, na sisi tutamwitikia. Asiyewahi kuitwa hana cha kukataa.

Katika desturi yetu shangazi ndio wanaompokea mtoto na kumtazama sura, wakitafuta amefanana na nani, kisha mkubwa wa ukoo hutangaza jina. Baada ya hapo watu hula pamoja ulezi na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Nimeshamtazama. Paji la uso ni la bibi yetu, aliyeitwa Abwoli, lakini sijalitamka jina hilo mbele yake, kwa sababu si langu kulitangaza. Kaka hajajibu. Babu amesema ulezi hauozi, utangoja.