Kitanda Kilichoinama

Mtoto wa dada yangu amerudi juzi kutoka Ulaya akiwa amenuna. Kazini kwake walimkatia tiketi ya daraja la biashara, akalala usiku kucha juu ya kiti kinachonyooka kikawa kitanda kamili, na bado alikuwa na la kulalamika: pale miguu inapoingia ni pembamba. Nikamuuliza kama aliserereka. "Kuserereka vipi, Mjomba? Si nimelala?" Nikajaribu kumweleza, akawa ananiitikia huku anachezea simu. Ndipo nikaona niandike, maana watu waliolalia vile viti vilivyoinama wanazeeka, na ujuzi wao ulikuwa wa kuambizana tu, safu hadi safu, taa za ndege zikiwa zimezimwa.

Zamani daraja la biashara lilikuwa na kiti kipana kinacholala nyuma, basi. Mwaka 2000 British Airways wakaweka katika daraja hilo kitanda kilicholala sawasawa, digrii 180. Mashirika mengine yakalazimika kujibu, lakini kitanda bapa kinakula nafasi, na kila kiti kinachoondolewa ni tiketi iliyopotea. Likapatikana jibu la katikati: kiti kinachonyooka toka kisogoni hadi kisiginoni, ila kimeinama, kichwa juu na miguu chini, miguu ikipenya chini ya kiti cha mbele. Kwa namna hiyo safu ziliweza kuachana inchi 60 hivi, na mtu mzima bado akapata urefu wa kujinyoosha. Singapore Airlines walitoa chao mwaka 2002, Qantas mwaka 2003, wengine wakafuata. Kwenye matangazo vyote viliitwa vitanda. Tarehe hizo nimezihakiki, lakini sisi tuliokuwa tukitoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou kwa kupitia Ghuba hatukuishi kwa tarehe za mashirika. Kwetu ilikuwa hivi: siku moja tuliingia ndegeni tukakuta viti vipya, vya ngozi, vina vitufe chungu nzima, na usiku ule katika safu zetu aliyelala ni Mama Mkubwa peke yake.

Mama Mkubwa alikuwa na duka la mapazia Kariakoo, upande wa Mchikichini. Lilikuwa duka jembamba lenye kina, marobota yamesimamishwa ukutani pande zote mbili mpaka darini, na mteja akiingia lazima apite ubavuubavu. Vitambaa vipya vina harufu yake, ya wanga na rangi ya kiwandani, inayokaba koo kidogo. Yeye aliifukuza kwa udi. Kila Ijumaa asubuhi kabla ya kufungua aliweka chetezo katikati ya duka, akafunga mlango, akakaa nje kwenye kigoda mpaka moshi utulie. Kwa hiyo pazia lililotoka kwake lilinukia udi kwa wiki nzima, na kuna nyumba za Ilala na Magomeni ambazo ukiingia ulijua mara moja wamenunua wapi.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa vidole. Alishika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua mara mbili, bila kukitazama, akakwambia ni pamba kiasi gani na nailoni kiasi gani, kitakunjika vipi, kitaganda kwenye fimbo ya pazia au kitateleza. Wauzaji wa soko la vitambaa la Zhongda kule Guangzhou walikuwa wakimwachia. Waliacha kumtajia aina ya kitu. Walimpa ncha ya robota, wakangoja aseme yeye. Mimi nilifuatana naye nikibeba daftari la hesabu na kikokotoo. Tulikwenda majira ya Maonyesho ya Canton, yale yanayofanyika kila masika na kila vuli tangu mwaka 1957, ingawa kwenye maonyesho yenyewe hakununua hata mita moja. Alitaka tu kuona mwaka huo rangi zinaelekea wapi.

Tiketi ya daraja la biashara hakuikata kwa ajili ya fahari. Alikuwa mwanamke mnene, na nyonga ya kushoto ilimsumbua tangu uzazi wake wa mwisho. Safari ya kwanza alikwenda daraja la kawaida, akafika akalala hotelini siku mbili hawezi kushuka ngazi. Akapiga hesabu. Kilo za mzigo zinazoongezeka, ukijumlisha na siku za soko asizozipoteza, zilirudisha sehemu nzuri ya tofauti ya nauli. Iliyobaki alisema ni gharama ya nyonga, akaniamuru niiandike kwenye daftari kama matumizi ya duka.

Sasa usiku ule wa viti vipya. Chakula kimeondolewa, taa zimezimwa, kila mtu akabonyeza kile kitufe chenye picha ya mtu aliyelala. Ukasikia mota zinalia ndege nzima, kiti kikashuka, na watu wakajifunika. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumeporomoka wote. Ngozi ni mpya, inateleza. Shuka la shirika ni la kung'aa, nalo linateleza. Juu yake suruali ya kitambaa chepesi. Kila ndege inapotikisika kidogo unashuka kama gunia kwenye ubao wa kupakulia, vidole vya miguu vinagota mbele, magoti yanakunjika bila kupenda, shati linapanda mpaka kifuani. Unajivuta juu kwa viwiko. Unalala. Unashuka tena. Kufikia Dubai viwiko vyangu vilikuwa vyekundu.

Mama Mkubwa hakuwa amebonyeza kitu. Alikaa, akasugua ngozi ya kiti kwa vidole viwili, mara mbili, kama alivyofanya Zhongda. Halafu akafungua mkoba, akatoa kanga. Ilikuwa ya pamba nzito, iliyofuliwa mara nyingi hadi kulainika, imefukizwa udi. Harufu ikatawanyika, na mama mmoja wa Kimanga aliyekaa ng'ambo ya njia akageuka, akatabasamu, wakaamkiana. Mama Mkubwa akaikunja kanga mara mbili, jina lake likabaki ndani, akaitandika kwenye kiti na kuisukumiza ncha kwa kiganja ndani ya ule mkunjo kati ya mgongo wa kiti na pa kukalia, mpaka ikashika. Shuka la kung'aa akalikunja, akaliweka kando. Ndipo akashika vitufe.

Hapa nieleze polepole, maana ndilo jambo lenyewe. Kiti kile kilikuwa na kitufe kimoja cha kukilaza chote, na vingine vya sehemu mojamoja: mgongo, pa kukalia, pa kuegeshea miguu. Cha kwanza hakukigusa kamwe. Alinyanyua kwanza miguu. Kisha akainua ukingo wa mbele wa pa kukalia, makalio yakazama kidogo. Mwisho akashusha mgongo, na akauacha kabla haujafika chini, umebaki juu kiasi cha upana wa kiganja. Kwa kufanya hivyo mwili ulipata bonde la kukaa, na mtu aliye bondeni haporomoki. Mto akauweka chini ya magoti. Blanketi akaliviringisha, akalipachika kwenye kiuno upande wa nyonga mbaya. Kichwani alitumia mkono na ncha ya mtandio. Akavaa soksi. Akafunga mkanda juu ya kila kitu, uonekane, ili mhudumu akipita na tochi wakati wa mtikisiko asimwamshe kumuuliza. Akageukia ubavu wa kulia, akakunja goti la juu, akakanyaga mwisho wa kiti kwa wayo wa mguu wa chini, wayo mzima, si vidole. Dakika chache baadaye alikuwa anakoroma.

Asubuhi nilimuuliza amejuaje. Akaniambia pazia zito ukilitundika kwenye fimbo laini linaserereka. Unatafuta kitu cha kulizuia hapo lilipoegemea, hulilaumu pazia.

Safari zilizofuata akawa mwalimu, bila kutaka. Viti vile havikuwa na kuta. Mpangilio ulikuwa viti mbili, tatu, mbili kwa safu, na ukigeuza shingo unamwona jirani anahangaika. Namkumbuka bwana mmoja mrefu, afisa wa serikali, aliyekuwa amelala chali amenyooka, uso umekunjamana kwa maumivu ya vidole. Mama Mkubwa alimvumilia, kisha akamgusa begani. "Baba yangu, usilale chali. Rudisha mgongo wa kiti juu kidogo, kunja goti." Bwana yule akatii kama mtoto. Akatolewa kanga ya pili, maana kanga huja mbili. Tulipotua aliikunja vizuri kabisa, akairudisha kwa mikono miwili, akampigia shikamoo. Wahudumu nao walimjua. Mmoja, msichana wa Kikenya, alikuwa akimwekea mto wa ziada kabla abiria wengine hawajakaa, na akaanza kuwafundisha abiria wengine kuacha mgongo wa kiti juu kidogo. Hilo lilimfurahisha Mama Mkubwa kuliko sifa yoyote.

Jambo moja nililielewa baadaye sana. Mama Mkubwa alikuwa akiamka kabla rubani hajatangaza kwamba tunaanza kushuka, kila mara, akaanza kukunja kanga. Nilidhani ni mazoea. Kumbe ndege inapokuwa juu kabisa huruka imeinua pua, digrii 2 au 3. Abiria anayetazama mbele miguu yake iko upande wa pua, kwa hiyo ule mwinamo wa kitanda unapungua kidogo bila yeye kujua. Rubani akianza kushuka, pua inateremka, mwinamo unarudi wote na pengine kuzidi. Uzito ulihamia kwenye wayo wa Mama Mkubwa, naye akasikia. Nilipomweleza habari ya pua ya ndege hakushangaa. Alisema mguu ulishamwambia.

Nawakasirikia mpaka leo waliouza mteremko kwa jina la kitanda. Walijua pembe yake, waliipima. Wangeweza kuweka kitambaa kinachoshika badala ya ngozi, wangeweza kuandika kwenye kile kijitabu cha kiti maneno mawili: usikilaze chote. Badala yake walipiga picha ya mtu aliyelala anatabasamu. Kazi ya kukifanya kiti kilalike waliachiwa wahudumu na wateja wenyewe, na kwa upande wetu wa ndege aliyeifanya ni mwuza mapazia wa Kariakoo.

Mengine yalikuja haraka. Baada ya Novemba 2015 nyuso za maofisa wetu zilitoweka katika daraja lile, serikali ilipobana safari zao za nje, tukabaki wafanyabiashara na wageni. Vitanda bapa vikaenea. Kenya Airways walipopokea Dreamliner yao ya kwanza mwaka 2014 vilikuwa vimo tayari. Ndege hizo nazipenda, hewa yake ya ndani huwekwa kama ya mwinuko wa futi 6,000 badala ya 8,000 za ndege nyingi za zamani, na kichwa hakiumi. Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar ikafunguliwa mwaka 2019. Ikaja korona, mipaka ya China ikafungwa, na watu wa Kariakoo wakajifunza kununua kwa WeChat kupitia mawakala. Mama Mkubwa hakuweza. Picha ya kitambaa haisuguliki. Akamwachia duka binti yake, akarudi Tanga, nyonga imefanyiwa upasuaji, anatembea.

Kitanda bapa alikipanda kabla ya hapo, mwishoni mwishoni. Alikibonyeza kwa kidole gumba na kidole kikagusa chuma. Sponji imepunguzwa, alisema, na kweli: kiti kinachojikunja kuwa kitanda hakiwezi kubeba godoro nene. Akaomba blanketi la pili, akalitandika chini, kanga juu yake. Siku hizi mashirika kadhaa yanatandika kigodoro chembamba na kukitangaza kama neema mpya. Kuta nazo zimepanda, viti vingine vina milango. Mtu akiteseka humo ndani humwoni, na mwenye ujuzi hana wa kumgusa bega.

Lakini hao angalau wamelala. Wanawake wa Kariakoo ninaowaona sasa kwenye foleni ya mizigo wengi wanarudi kukaa nyuma, nauli za mbele zimewashinda. Na huko nyuma, Boeing 777 ambayo mashirika mengi yaliipanga viti tisa kwa safu sasa inabanwa viti kumi, mwili wa ndege ni uleule. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee anashuka Guangzhou miguu imevimba, bega moja limekufa ganzi, na asubuhi hiyohiyo anaingia Zhongda kusimama kutwa nzima. Nimejaribu kuwafundisha wawili watatu kwa jinsi nilivyofundishwa: soksi, blanketi kiunoni, mkanda juu. Inasaidia kidogo sana. Pale hapana mgongo wa kurudisha wala goti la kukunja. Panahitajika inchi, na mwenye kuzirudisha ni mwenye ndege.