Bomba la Mzima na Vijana wa Taita

Katika nchi ya Taita wazazi wengi wangali wakiamini kwamba matunda ya elimu ni kiti na meza. Mtoto akifaulu, na awe mwalimu au karani. Aliyeshindwa ndiye apewe spana na kupelekwa gereji ya Voi. Kazi ya kalamu ni njema, na pasipo makarani hata mshahara wa fundi haulipwi. Lakini mawazo haya yamewafumba watu macho wasiione kazi kubwa iliyo katikati ya kalamu na spana, nayo ni uhandisi.

Na tulitazame bomba la Mzima. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu hunywewa na mawe ya volkeno, ikapita chini kwa chini, ikatokea Mzima ikiwa maji maangavu. Katika miaka ya 1950 bomba lililazwa kutoka chemchemi hiyo hadi Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 220, na maji huteremka kwa uzito wake yenyewe. Mpita njia huona bomba tu. Haoni kwamba kabla ya mtaro kuchimbwa, mtu alipita nyikani na chombo cha kupimia, akautafuta mteremko, akapiga hesabu ya nguvu ya maji, ili bomba lisipasuke bondeni wala maji yasikwame njiani. Hesabu ile ndiyo uhandisi.

Wenyeji wamelalamika miaka mingi kwamba maji hayo huwapita yakaenda pwani, nao wakabaki na ndoo tupu. Lalamiko hilo lina haki. Walakini mahali mipango ya maji inapoamuliwa, mwenye manung'uniko husikilizwa kwa adabu, mwenye ramani na hesabu ndiye huulizwa, "Basi, itagharimu kiasi gani?" Taita yahitaji watoto wake wa kulijibu swali hilo.

Reli nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1898, simba walipowala wajenzi wa daraja la Tsavo, msimamizi wa kazi alikuwa Mwingereza na vibarua wengi walikuwa Wahindi. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilijengwa na kampuni ya Kichina. Hii imeachiwa mapito ili ndovu wavuke chini yake, na hapana shaka kijana aliyekulia Voi, ambaye nyumbani kwao shamba limekanyagwa na ndovu, angekuwa na neno la kusema juu ya mahali pa kuyaweka.

Mlango haupo mbali tena. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati yake mwaka 2016, nacho hufundisha uhandisi wa madini, katika nchi ile ile ambayo kito cha kijani cha tsavorite kilipewa jina la Tsavo. Hata baada ya digrii, kijana hufanya kazi kwanza chini ya wahandisi wazoefu kabla ya Bodi ya Wahandisi kumwandikisha kuwa mhandisi kamili.

Kikwazo kiko nyuma zaidi. Bila Hesabu, Fizikia na Kemia hakuna njia ya kuufikia uhandisi, na wasichana wangali wakiambiwa kwamba Fizikia ni ya wavulana. Katika mfumo mpya wa elimu, mwanafunzi huchagua njia yake kabla ya kuingia gredi ya 10, akiwa na umri wa miaka 14 au 15 hivi. Mzazi angojaye matokeo ya mtihani wa mwisho ndipo amwulize mwanawe anataka kazi gani, amechelewa miaka mitatu.